Kaseti ya Elwak na Sufuria ya Deka

Abdiqani Adow,
Ufundi wa Redio na Simu,
Soko Mugdi,
Garissa.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Safiyo,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya jambo lolote, nipe hali yako. Na shemeji Abshir, mgongo wake umetulia? Idman ameanza shule, au bado anawazungusha hapo nyumbani? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah, ila jua limetukalia kichwani tangu Januari na halina dalili ya kushuka. Hooyo anatembea, anakula, na juzi alinigombeza mbele ya wateja wawili, kwa hiyo usiwe na shaka na afya ya mama yetu. Goti tu ndilo linamsumbua, siku hizi anaswali akiwa amekaa kwenye kiti.

Najua umeigeuza bahasha hii mara mbili ukitafuta nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Ni mimi, kaka yako ambaye kwenye simu hutuma kidole gumba basi. Nimekaa na kalamu kwa sababu kila nikitaja kaseti ya baba yetu, Aabo, kwenye simu wewe huwa unapata mgeni mlangoni. Sikulaumu, walaahi. Lakini barua haina kitufe cha kukata, na nakuomba kwa haki ya ukubwa wangu uisome mpaka mwisho.

Nianze na ugomvi, kwa sababu wifi yako Deka atakupigia tu na ni heri uusikie kwangu. Nimeitoboa sufuria yake kubwa. Ile ya alumini iliyopikia pilau ya watu sitini siku ya harusi ya dada yetu Nasteho. Nimeitoboa matundu manne kwenye tako, nikaipindua juu ya meza ya kazi dukani, na humo nimefunga transista mbili kwa skrubu. Deka alikuja dukani kunitafuta, akaiona, akasimama kimya. Ungemjua ungeelewa kwamba kimya cha Deka ni kibaya kuliko kelele. Siku tatu nilikula wali mkavu.

Sasa sababu. Hooyo alianza kusema mwaka jana kwamba sauti ya Aabo inakwenda mbali. Kila Ijumaa baada ya chakula anaicheza ile kaseti, upande mmoja tu, na kila Ijumaa anasema imesogea nyuma kidogo. Nilidhani ni masikio yake. Nikasikiliza mwenyewe, nikakuta ana haki. Utepe umechakaa, kaseti ile imezunguka miaka ishirini na saba, na redio anayoichezea ni ya Kichina, inanguruma kuliko anayezungumza. Nikajiambia, mimi ni fundi wa mji mzima, kila mtu ananiletea redio yake, na mama yangu anasikiliza mume wake kupitia mdundo wa bati. Niliona aibu.

Mwalimu Mowlid, anayefundisha fizikia kwenye sekondari ya hapa jirani, ndiye aliyenichorea mchoro. Ni amplifaya ya daraja la A, ya kutengeneza kwa mkono, ina vitu vichache mpaka nikadhani amesahau nusu. Nitakueleza kwa ufupi, usisinzie. Amplifaya za kawaida zina transista mbili zinazopokezana kazi, moja inavuta na nyingine inasukuma, na pale zinapopokezana kuna pengo dogo. Sauti kubwa inaliruka. Sauti ndogo inaangukia humo. Hii ya daraja la A haipumziki kabisa, umeme unapita ndani yake muda wote hata kama hakuna anayesema neno. Kwa hiyo sauti ndogo haina pa kupotelea. Gharama yake ni joto. Inachemka kama jiko, na ndiyo maana nikahitaji alumini nyingi ya kulitoa joto hilo, na alumini nyingi kuliko zote katika nyumba yangu ilikuwa jikoni kwa mke wangu.

Nikaiunga na betri mbili za lori badala ya umeme wa laini, kwa sababu umeme wa laini una mvumo wake na mimi nilitaka ukimya. Spika nilikuwa nayo, ile ya sanduku la mbao niliyoipata kwa Myemeni aliyehama. Siku ya kwanza nikawasha, ikapiga. Nilijisifu sana. Nilimwita hata muuza maziwa ya ngamia aje asikie.

Kisha nikafanya kosa la mtu wa Garissa. Unajua sisi kazi yoyote ya akili tunaifanya baada ya swala ya alfajiri, wakati bado kuna hewa. Basi nami nikaipima alfajiri. Kuna skrubu ndogo kwenye kipande kimoja, ukiizungusha unaamua umeme kiasi gani upite transista zikiwa zimetulia. Nikatega mita yangu, nikaweka pale mchoro unaposema, ampea moja na robo, nikaridhika, nikafunga. Saa saba mchana duka likaanza kunuka. Transista moja ilikuwa imeungua. Nikaweka nyingine, nikapima tena alfajiri kwa uangalifu mkubwa zaidi, na adhuhuri nayo ikaenda. Mara tatu, Safiyo. Mara ya tatu Mowlid akapita kunisalimia akitoka msikitini, akaniuliza ninapima saa ngapi. Nilipomjibu akacheka mpaka akakaa. Akasema transista ikipata joto inafungua mlango zaidi, umeme unaongezeka, na umeme ukiongezeka joto linaongezeka. Kipimo cha alfajiri ni cha mji mwingine. Alisema nipime saa nane mchana, madirisha yamefungwa, wakati mji mzima umelala chini.

Alhamisi iliyopita ndiyo nilifanya hivyo. Nikafunga duka kwa ndani, nikazima feni, nikaiacha amplifaya ichemke saa nzima. Jasho lilikuwa likidondoka kwenye mita. Nikarekebisha kwanza volti za katikati zikawa nusu kamili ya betri, kisha nikarudi kwenye ile skrubu, nikaizungusha kidogo sana, nikangoja, nikazungusha tena kidogo, nikangoja. Mshale ukatulia na haukuondoka. Nikasafisha kichwa cha deki ya kaseti kwa spiriti. Nikaweka kaseti ya Aabo.

Hapa naomba nikuwekee mambo sawa, kwa sababu ulikuwa mdogo na kila mtu amekusimulia kipande chake. Mwaka wa ile mvua kubwa, tisini na saba, Aabo alikwenda Elwak kuuza mbuzi. Wewe ulikuwa na miaka minne. Ulimng'ang'ania shingoni, ukakataa kushuka, akaondoka na wewe juu ya lori na nguo moja. Mvua ikaanza. Ikaja na ile homa iliyokuwa inamaliza mifugo na watu. Habaryar Ugbad, dada yake Hooyo, alikuwa na duka la vitambaa huko Elwak, akaamua kufunga na kuhamia kwa watu wa mume wake Arusha. Aabo akakukabidhi kwake ukapone mbali na homa, naye aje kukuchukua mvua ikiisha. Hakuja. Homa ikamchukua yeye, kaburi lake liko huko Elwak, nawe ukakulia Arusha.

Habari za msiba zilitufikia kwanza. Kaseti ikaja baadaye, Februari, mkononi mwa Dekow, dereva wa lori la mbuzi. Watu wazima wa siku hizo walikuwa wanatumiana kaseti badala ya barua, anakaa mtu mbele ya redio anasema habari zake zote, kisha anawataja watu kwa majina, mmoja mmoja, na ukiachwa jina unaudhika mwaka mzima. Aabo akatutaja. Abdiqani, asome. Nasteho, asibebe maji mazito. Barre, aliyekuwa wa kunyonya. Akamtaja hata mbuzi wake kiwete, kwamba apewe majani ya kukatwa. Wewe hakukutaja.

Ulipokuja likizo una miaka kumi na tano, Hooyo aliicheza akidhani anakupa zawadi. Kisomali chako kilikuwa cha salamu tu, lakini majina hayahitaji mkalimani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nilikuona ukihesabu. Kaseti ilipoisha ukaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Hata mbuzi amesalimiwa." Kesho yake ukaomba nauli. Sasa ni miaka kumi na saba. Idi unapiga, pesa ya dawa unatuma, hukosi, Mungu akulipe. Kuja, huji. Na Hooyo hajawahi kuuliza kwa nini, kwa sababu na yeye alikuwa anaamini lile lile uliloamini, kwamba Aabo alipokutoa alikufuta katika hesabu ili asiumie. Sote tuliamini. Kwenye kaseti anasema mvua imeanza, na mvua ilipoanza ndipo Habaryar Ugbad aliondoka. Tukajumlisha wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza Dekow alikabidhiwa lini ile kaseti. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye tope la Wajir wiki saba, kaseti ikiwa ndani.

Basi nikabonyeza.

Safiyo, sina ujuzi wa kuandika hili. Nimerekebisha redio tangu nikiwa na miaka kumi na sita na nilidhani najua sauti ni nini. Kwanza nilisikia chumba. Kabla Aabo hajasema neno, nilisikia chumba alichokaa. Mvua juu ya mabati, si kelele, ni matone, unaweza kusikia yale ya karibu na yale ya mbali. Kijiko kikizungushwa kwenye gilasi ya chai. Kisha akavuta pumzi, na nikageuka nyuma. Nakuapia niligeuka, nikadhani ameingia dukani. Nywele za mikono zilinisimama katika lile joto lote. Alipoanza kusema bismillahi nilisikia midomo yake inavyoachana. Mtu niliyemzika moyoni nikiwa na miaka kumi na moja alikuwa amekaa mbele yangu kwenye sufuria ya pilau. Nilisema subhanallah.

Nikasikiliza mpaka kwenye majina. Kuna pale baada ya jina la Barre ananyamaza muda mrefu. Sote tunapajua. Hooyo husema hapo alikuwa anameza machozi, mimi nilikuwa nafikiri utepe umeharibika. Safari hii, ndani ya kile kimya, nikasikia kitu. Kidogo sana. Mtu anaimba bila maneno, puani, mbali na redio. Nikadhani ni jirani. Nikarudisha, nikasikia tena, na Aabo anacheka kidogo kwa pumzi tu, halafu anaendelea na habari ya mbuzi.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyopanga. Kaseti za aina hii zinaisha kwa salamu, mtu anasema wassalaamu alaykum, na msikilizaji anazima. Ni adabu, kama kuinuka mgeni akiinuka. Hooyo ameizima hapo hapo miaka yote hii, kidole chake kinakuwa tayari juu ya kitufe. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kuiacha iende. Lakini fundi akitaka kuijua amplifaya yake haipimi kwa kelele, anaipima kwa ukimya. Mimi nilikuwa nataka kusikia kama imebaki mvumo. Kwa hiyo Aabo alipoaga, sikuzima. Niliinama kwenye spika kusikiliza ukimya wangu.

Aliiacha redio imewashwa. Nadhani aliisahau, au hakujua kitufe kipi. Nikasikia kiti kikilia, nikasikia anaweka gilasi chini. Halafu miguu midogo kwenye sakafu, ikija. Na mtoto akasema. Nakutafsiria kwa Kiswahili, lakini neno kwa neno ndivyo ilivyo, niliandika kwenye karatasi mara ile ile kwa kuogopa kwamba nitajidanganya baadaye.

Mtoto alisema, "Aabo, na mimi? Hujanitaja mimi."

Na Aabo akasema, "Wewe nikutumie salamu za nini? Salamu ni za walio mbali. Wewe uko na mimi."

Kisha ikaja sauti ya kunyanyuliwa, unajua mtoto akinyanyuliwa anavyotoa pumzi, na kicheko chako, halafu kitufe kikabonyezwa.

Sikuamini masikio yangu, nikafungua mlango nikamwita Deka, ambaye bado alikuwa haongei na mimi. Sikumwambia lolote, nilimweka tu mbele ya spika. Alisikiliza, akaweka mkono wake juu ya sufuria, akaungua, hakuutoa mara moja. Akaniambia niende kumleta Hooyo. Tangu hapo hajataja sufuria tena.

Tulimleta kwa kumshika mkono, na lile joto, na goti lake. Nilimwomba asizime. Alikunja mikono kwenye mapaja akasikiliza mwanzo mpaka salamu, na salamu ilipofika nikaona kidole chake kikisogea chenyewe hewani. Deka akakishika. Hooyo akasikia miguu. Akasikia sauti yako. Nilitegemea atalia kwa ajili ya Aabo, nikawa nimeshaandaa maneno. Hakulia. Aliniambia irudishe. Nikarudisha. Irudishe. Alisikiliza mara sita, na kila mara anainamisha kichwa pale pale unapoanza kusema, wala hangoji jibu la Aabo. Mwishowe nikamwuliza kama hataki kumsikia Aabo alichosema.

Akaniambia, "Sauti yake ninayo tangu siku ile. Ya mtoto wangu ndiyo sikuwa nayo."

Nilijaribu kukurekodia kwa simu nikutumie. Nimejaribu Alhamisi, Ijumaa na jana. Simu inachukua mvua, inachukua Aabo, lakini wewe hutoki, unasikika upepo tu. Haiwezi kutoshea kwenye simu. Iko hapa, kwenye meza yangu, saa nane mchana, madirisha yamefungwa. Ramadhani inaingia baada ya wiki tatu. Sikuamuru, mimi nani. Nakuambia tu iko wapi.

Msalimie sana shemeji Abshir, mwambie mgongo haupendi godoro laini. Msalimie Habaryar Ugbad, mshike miguu kwa niaba yangu, umwambie kwamba Hooyo anamwombea kila alfajiri kwa jinsi alivyokulea, na mwulize polepole kama anakumbuka siku aliyokuchukua Elwak mvua ilikuwa imenyesha kwa siku ngapi. Mbusu Idman. Nasteho anakusalimu kutoka Takaba, Barre naye, na Deka anasema atakupikia kwa sufuria ya kuazima.

Mwenyezi Mungu akulinde safarini na ukiwa umekaa, akupe afya na watoto wema, amrehemu baba yetu na aijaze nuru nyumba yake ya chini. Amin.

Ni mimi kaka yako akupendaye daima,

Abdiqani

Hooyo amekaa karibu nami ninapoandika. Amesema nisifunge bahasha kabla ya kuongeza hili, kwa maneno yake mwenyewe: anataka kusikia sauti hiyo hiyo ilivyo sasa, ikiwa imekuwa ya mtu mzima, ndani ya chumba kimoja na yeye.